Maswali ya Wasomaji: Muswada Hufia Wapi, na Sheria Huanza Lini?

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuulize lolote linalohusu namna muswada unavyogeuka kuwa sheria katika bunge la nchi. Barua nyingi zilihusu saini ya mkuu wa nchi, na chache mno ziligusa kamati. Tumechagua kumi na kuzijibu kwa kadiri ya uzito wa jambo lenyewe, ndiyo maana baadhi ya majibu ni marefu na mengine ni ya mistari michache. Mifano tumeichukua katika nchi mbalimbali, kwa kuwa hatua za msingi hufanana karibu kila mahali, ila tofauti ndogo ndogo ndizo zinazoamua ni muswada upi utakaofika mwisho.

SWALI: Ninafundisha somo la Uraia. Kila ninapoeleza kwamba muswada husomwa mara tatu, hakosi mwanafunzi wa kuuliza ni nani anayeusoma, na kwa nini iwe mara tatu. Sijapata jibu la kumridhisha.

JIBU: Mwanafunzi huyo ana haki ya kushangaa, Mwalimu, kwa sababu siku hizi hakuna anayesoma zaidi ya jina la muswada. Utaratibu huu ulitoka katika Bunge la Uingereza, enzi ambazo nakala ziliandikwa kwa mkono na wajumbe hawakuwa na karatasi zao. Karani alisimama akausoma muswada kwa sauti ili wausikie kabla ya kuujadili. Uchapaji ulipoenea, haja ya kusoma ikaisha lakini jina likabaki, na mabunge yaliyorithi mfumo huo, yakiwamo ya Kenya, Tanzania, Uganda na India, yamelihifadhi hadi leo.

Darasani usiwakaririshe hatua hizi kama orodha. Waambie kwamba kila hatua hujibu swali lake. Kusomwa mara ya kwanza ni kupokelewa: muswada umefika, una jina, unapelekwa kwenye kamati. Kusomwa mara ya pili hujibu swali la kama Bunge linataka sheria ya namna hiyo. Hapo waziri au mbunge mwenye hoja hueleza madhumuni, na mjadala hukaa kwenye misingi. Mbunge akianza kulumbana juu ya koma iliyomo katika ibara ya kumi na mbili, Spika anaweza kumrudisha kwenye hoja, kwani koma zina hatua yake, nayo ni ile ya kupitia muswada ibara kwa ibara. Kusomwa mara ya tatu huuliza jambo la mwisho: maandishi haya, baada ya marekebisho yote, bado ndiyo tuliyoyataka? Si ajabu mbunge aliyeunga mkono mara ya pili akapinga mara ya tatu, wala hajageuka kigeugeu, kwa maana ameulizwa swali jingine.

SWALI: Mbunge wetu aliahidi wakati wa kampeni kwamba angepeleka muswada wa kuanzisha mfuko wa mikopo kwa vijana. Mwaka wa tatu huu, hatujaona kitu. Je, alitudanganya?

JIBU: Inawezekana alidanganya, inawezekana pia kwamba hakujua alichokuwa akikiahidi. Sehemu kubwa ya sheria zinazopitishwa katika mabunge yenye mfumo kama wa Uingereza hutokana na miswada ya Serikali. Huanza wizarani kama pendekezo la sera, hupita kwenye Baraza la Mawaziri, kisha hupelekwa kwa waandishi wa sheria, ambao kazi yao ngumu si kupamba lugha bali ni kupekua sheria zote zilizopo ili ile mpya isigongane nazo. Mbunge mmoja mmoja anaruhusiwa kuleta muswada binafsi, lakini hana wizara nyuma yake wala hana mamlaka juu ya ratiba ya Bunge. Huko Uingereza nafasi hizo hugombewa hata kwa bahati nasibu: kwa kawaida majina 20 huchaguliwa kwa kura mwanzoni mwa kikao, na Ijumaa 13 tu ndizo hutengwa kwa miswada hiyo.

Kikwazo kikubwa zaidi kwa mbunge wako, hata hivyo, ni fedha. Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania hairuhusu Bunge kushughulikia muswada wa kuagiza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka Rais awe amependekeza jambo hilo na Waziri awe ameliwasilisha. Nchini Kenya, Ibara ya 114 inataka muswada wa fedha uendelee kwa mapendekezo ya kamati husika, baada ya kamati hiyo kuzingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Mantiki yake inaeleweka: anayelazimika kutafuta fedha ndiye anayestahili kusema kama zipo. Kwa maoni yangu, kanuni hiyo ni nzuri, ila imekuwa pia ngao nzuri kwa wabunge, maana ni rahisi kuahidi muswada wa fedha huku ukijua kwamba mlango wake una ufunguo wa mtu mwingine.

Mwandikie mbunge wako umuulize mambo mawili. Je, aliwahi kutoa taarifa rasmi ya kusudio la kuleta muswada kwa Katibu wa Bunge? Na je, aliwahi kuomba ridhaa ya Serikali kuhusu sehemu inayogusa fedha? Majibu yake, au ukimya wake, yatakutosha.

SWALI: Ninafuatilia Bunge kwenye televisheni. Viti vingi huwa vitupu na baadhi ya waliopo wanasinzia. Hizo sheria zinatungwa na nani?

JIBU: Kusinzia sikutetei. Lakini kamera imekuonyesha chumba kimoja tu, na si kile chenye kazi nyingi. Ukumbi mkubwa ni mahali pa kutangazia misimamo ambayo mara nyingi imekwisha kuamuliwa na vyama. Wanadhimu, yaani wabunge wanaosimamia kura za vyama vyao na ambao Kenya huitwa viranja, hujua hesabu ya kura kabla kengele ya kupiga kura haijalia. Sheria hutengenezwa zaidi kwenye kamati, ambako wabunge wachache hukaa na maandishi kwa siku au wiki kadhaa, humwita waziri na wataalamu wake, husikiliza wanaopinga, na hurudi tena kwenye kifungu kilekile mpaka kieleweke.

Watu hudhani marekebisho ya kamati ni ya kuchonga maneno tu. Chukua kifungu kinachosema Waziri "anaweza" kutunga kanuni za usalama kazini: kinampa uhuru wa kutozitunga mpaka anaondoka madarakani. Kamati ikiandika "atatunga", imempa wajibu ambao raia anaweza kuudai mahakamani. Faini "isiyozidi" kiwango fulani humwachia hakimu nafasi ya kumtazama mkosaji aliye mbele yake. Faini "isiyopungua" kiwango hichohicho humfungia nafasi hiyo, awe mbele yake tajiri au fukara. Mwombaji wa leseni anayetakiwa kuwa na shahada "na" uzoefu wa miaka mitano hafanani na yule anayetakiwa kuwa na shahada "au" uzoefu huo, na tofauti kati yao inaweza kuwafungia kazi maelfu ya watu. Hakuna mwandishi wa habari anayepiga picha neno "au" likifutwa, lakini hapo ndipo sheria ilipoamuliwa.

Ujerumani kuna usemi uliopewa jina la mwanasiasa Peter Struck, kwamba hakuna muswada unaotoka bungeni kama ulivyoingia. Kwingineko kamati hairekebishi tu, bali huua. Katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, mwenyekiti wa kamati asipoupangia muswada siku ya kujadiliwa, kwa kawaida huishia hapo bila hata kura kupigwa, na njia ya kuutoa kwa nguvu ni ombi linalohitaji saini za wajumbe 218, yaani zaidi ya nusu ya wajumbe wote 435. Njia hiyo hufanikiwa kwa nadra, kwa sababu mjumbe anayetia saini anamkaidi mwenyekiti ambaye kesho atamhitaji.

SWALI: Wabunge wa Tanzania hujadili kwa Kiswahili. Kwa nini basi miswada mingi ilikuwa ikiandikwa kwa Kiingereza?

JIBU: Kwa sababu sheria yenyewe iliruhusu. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ilisema lugha ya sheria ni Kiingereza au Kiswahili au zote mbili, na pale ambapo maandishi mawili yalipingana, yale ya Kiingereza ndiyo yaliyotangulia. Mbunge aliweza kuchangia kwa Kiswahili fasaha juu ya waraka ambao wapiga kura wake wengi wasingeweza kuusoma. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria hiyo na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Kutafsiri zile za zamani ni kazi nyingine, tena kubwa, maana kila neno la Kiingereza lililowahi kutafsiriwa na majaji linahitaji neno la Kiswahili litakalobeba mzigo uleule.

SWALI: Tunaambiwa tutoe maoni kuhusu miswada. Je, kuna anayeyasoma? Na je, yana nguvu yoyote kisheria?

JIBU: Nguvu yanayo mahali pengine, kutegemea katiba. Ibara ya 118 ya Katiba ya Kenya inalitaka Bunge liendeshe shughuli zake hadharani na kuwezesha wananchi kushiriki, na mahakama za nchi hiyo zimekuwa zikiuliza kwa dhati kama ushiriki huo ulikuwapo. Nchini Afrika Kusini, mwaka 2006, Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria mbili za afya kwa sababu Baraza la Kitaifa la Majimbo, yaani baraza la pili la Bunge, halikuwashirikisha wananchi ipasavyo. Likapewa miezi 18 ya kurekebisha kasoro hiyo. Maudhui ya sheria hizo hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa njia.

Mahakama hizo, hata hivyo, hazisemi kwamba Bunge lazima likubali maoni yako. Zinasema lazima likupe nafasi ya kweli ya kusikika. Hivyo swali la kama yanasomwa linategemea kwa sehemu namna unavyoyaandika. Makarani wa kamati hupanga maoni kwenye jedwali lenye safu za ibara, pendekezo na sababu. Barua ya kurasa tano inayolaani muswada mzima haina mahali pa kukaa kwenye jedwali hilo, nayo hufupishwa kuwa "mtoa maoni anapinga". Barua ya nusu ukurasa inayotaja namba ya ibara, inayoandika maneno mbadala kamili, na inayoeleza kwa sentensi mbili tatu ni nani ataumia ibara ikibaki ilivyo, huingia kwenye jedwali kama ilivyo, na mjumbe wa kamati anaweza kuichukua na kuisoma kama marekebisho yake. Hata ukiupinga muswada wote, chagua ibara mbili zinazokukera zaidi na uzishughulikie. Tena wahi, kwani muda wa kutoa maoni huwa mfupi kuliko mtu anavyotarajia.

SWALI: Wabunge wachache wakipitisha muswada usiku, sheria hiyo ni halali?

JIBU: Ni halali kama akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwapo, ilikuwapo, na si halali kama haikuwapo na katiba au kanuni ziliitaka. Kiwango hutofautiana. Uganda ilijifunza hili tarehe 1 Agosti 2014, pale Mahakama ya Katiba ilipoibatilisha Sheria ya Kupinga Ushoga, ambayo Rais alikuwa ameisaini Februari mwaka huohuo, kwa hoja kwamba ilipitishwa bila akidi na kwamba jambo hilo lilikuwa limeelezwa ukumbini kabla ya kura. Mahakama haikulazimika kugusa swali lingine lolote katika kesi hiyo.

SWALI: Katika nchi zenye mabunge mawili, kila moja likipitisha maandishi yake, yapi huwa sheria?

JIBU: Hakuna. Sheria huhitaji maandishi mamoja, koma kwa koma. Njia ya kuyafikia ndiyo hutofautiana, na ukiichunguza utajua ni baraza lipi lenye nguvu zaidi katika nchi hiyo.

Ujerumani ina kamati ya usuluhishi ya wajumbe 32, yaani 16 kutoka Bunge la Shirikisho na 16 kutoka Baraza la Majimbo, mmoja kwa kila jimbo. Ufaransa huunda kamati ya wabunge saba wa Bunge la Taifa na maseneta saba, na wakishindwa kukubaliana Serikali inaweza kuliomba Bunge la Taifa litoe neno la mwisho. Kenya huunda kamati ya upatanisho yenye idadi sawa kutoka Bunge la Taifa na Seneti, na ikishindwa kuafikiana ndani ya siku 30, muswada unakufa. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: kwa sheria za mwaka 1911 na 1949, Baraza la Mabwana lisilochaguliwa linaweza kuuchelewesha muswada wa kawaida kwa takriban mwaka mmoja, na ule wa fedha kwa mwezi mmoja tu; baada ya hapo Baraza la Makabwela hupita bila ridhaa yao.

SWALI: Ni muda gani wa chini ambao muswada unaweza kuchukua?

JIBU: Ukiharakishwa, siku chache. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, muswada wa kupambana na ugaidi uliokuja kuitwa Patriot Act uliwasilishwa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani tarehe 23 Oktoba 2001, ukapita huko tarehe 24, ukapita Seneti tarehe 25 na kusainiwa tarehe 26. Mabunge mengi yana mlango wa namna hiyo. Tanzania huitwa hati ya dharura. Na kwa upande wa pili, Marekebisho ya 27 ya Katiba ya Marekani, yanayohusu mishahara ya wajumbe wenyewe, yalipendekezwa mwaka 1789 na kukamilika mwaka 1992. Mwendo wa haraka si kosa kwa yenyewe, ila kinachopunguzwa kwanza kila mara ni muda wa kamati na wa maoni ya wananchi, yaani sehemu zilezile ambako makosa hugunduliwa.

SWALI: Bunge limechaguliwa na wananchi. Kwa nini mtu mmoja apewe uwezo wa kukataa muswada ambao mamia ya wabunge wameupitisha?

JIBU: Hili ndilo swali lililoletwa na wengi, na baadhi yenu mliliuliza kwa hasira. Tuanze na jambo linalosahaulika. Katika mifumo mingi mkuu wa nchi si mgeni anayeingilia kazi ya Bunge. Ibara ya 62 ya Katiba ya Tanzania inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Kisheria, basi, muswada usiosainiwa haujapitishwa na Bunge zima. Umepitishwa na sehemu moja.

Swali la maana zaidi ni nini hutokea akikataa, na hapo katiba zinatofautiana sana. Marekani humpa Rais siku kumi bila kuhesabu Jumapili. Akiurudisha, mabaraza yote mawili yanaweza kumshinda kwa theluthi mbili. Akinyamaza huku Kongresi, yaani mabaraza hayo mawili, ikiendelea na vikao, muswada unakuwa sheria. Akinyamaza huku Kongresi imeahirishwa, unakufa kimya kimya. Rais Franklin Roosevelt alitumia kura ya turufu, yaani uwezo huo wa kukataa, mara 635, na kati ya hizo Kongresi ilimshinda mara tisa tu. Kenya humpa Rais siku 14 za kusaini au kuurudisha pamoja na waraka wa sababu. Bunge likikataa sababu hizo linahitaji theluthi mbili, na baada ya hapo Rais asiposaini ndani ya siku saba muswada huhesabiwa kuwa umekubaliwa. Uwezo huo ulionekana wazi Juni 2024: Bunge la Taifa liliupitisha Muswada wa Fedha tarehe 25, siku ya maandamano makubwa, na kesho yake Rais akakataa kuusaini, akapendekeza kwamba ibara zake zote zifutwe.

Tanzania imeweka sharti zito kuliko yote haya. Muswada uliorudishwa hauwezi kupelekwa tena kwa Rais kabla ya miezi sita, isipokuwa kama umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukipelekwa kwa nguvu hiyo, Rais ana siku 21 za kuukubali, la sivyo inambidi alivunje Bunge. Someni tena sentensi hiyo. Mgogoro haumaliziki kwa mmoja kumshinda mwingine, bali hurudishwa kwa wapiga kura, na kila mbunge anayenyoosha mkono anajua kwamba huenda anapigia kura kupoteza kiti chake. Kwa maoni yangu, kizuizi hicho hufanya kazi bila kutumika.

Wafalme nao wana hadithi zao. Uingereza, mara ya mwisho kwa mtawala kukataa muswada ilikuwa mwaka 1708, wakati wa Malkia Anne, na ulihusu wanamgambo wa Uskoti. Ubelgiji, mwaka 1990, Mfalme Baudouin alisema dhamiri yake haimruhusu kusaini sheria ya utoaji mimba. Serikali ikatumia kifungu cha katiba kutangaza kwamba Mfalme hawezi kutawala, mawaziri wakaisaini sheria kwa niaba yake, na baada ya siku isiyozidi mbili Bunge likamrudisha kwenye kiti. Luxembourg ilikutana na jambo kama hilo mwaka 2008, Mtawala Henri alipokataa kuidhinisha sheria ya kuwasaidia wagonjwa kufa. Huko walibadilisha katiba yenyewe, wakamwondolea kazi ya kuidhinisha na kumwachia ya kutangaza tu. Kwa hiyo, kwa wale walioandika kwa hasira: uwezo wa mtu mmoja kukataa una ukubwa ambao katiba imeupa, na nchi zimeupunguza pale zilipoona haufai.

SWALI: Niliona kwenye habari Rais akisaini sheria iliyokuwa inanihusu. Nilipoenda ofisi husika nikaambiwa bado haijaanza kutumika. Nilidhani saini ndiyo mwisho.

JIBU: Aliyekujibu huenda alikuwa sahihi, ingawa alipaswa kukuonyesha ni kwa nini. Baada ya saini, sheria huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na tarehe ya kuanza hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni sheria yenyewe kutaja tarehe. Ya pili ni kanuni ya jumla ya nchi pale sheria isipotaja: Kenya huwa siku ya 14 baada ya kuchapishwa, na Ujerumani nayo huhesabu siku 14. Ya tatu, na ndiyo pengine imekukuta, ni kifungu cha mwanzo kinachosema sheria itaanza tarehe ambayo Waziri ataitangaza.

Njia hii ya tatu ina sababu yake. Sheria inayounda mamlaka mpya haiwezi kuanza kabla ya kuwapo ofisi, watumishi, fomu na kanuni. Mtu angetakiwa kuomba kibali kwa chombo ambacho hakijazaliwa. Lakini humpa Waziri uwezo ambao hakuna anayeuita kura ya turufu, nao una nguvu kama hiyo. Mfano unaonivutia ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1928 iliyokusudia kuweka Pasaka kwenye Jumapili moja isiyohama sana, yaani ile inayofuata Jumamosi ya pili ya Aprili. Ilipita hatua zote, ikapata idhini ya Mfalme, na ikasema itaanza kwa amri maalumu itakayoidhinishwa na mabaraza yote mawili, kwa kuzingatia maoni ya makanisa. Amri hiyo haijawahi kutolewa. Sheria ingali vitabuni, na Pasaka inaendelea kuhama kama ilivyokuwa ikihama kabla yake.

Tafuta nakala ya sheria inayokuhusu, usome kifungu cha kwanza au cha pili. Kama tarehe imeachwa kwa Waziri, tafuta tangazo lake kwenye Gazeti la Serikali, kisha uangalie kama kanuni zimetungwa, kwa sababu kuna sheria zinazoanza kwa jina huku kila kifungu chenye faida kikisubiri "utaratibu utakaowekwa". Usipoona tangazo, iandikie wizara ukiuliza tarehe, na nakala umpelekee mbunge wako, ambaye anaweza kuligeuza kuwa swali la msingi bungeni. Hapo Waziri atalazimika kujibu, na jibu lake litaingia kwenye Taarifa Rasmi, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge.